Miungu Wawili Wenye Majina Manne

Wanafunzi wanaojifunza Kifaransa hutaja miungu wa kale kila juma pasipo kujua. Mardi ni siku ya Mars, mungu wa vita. Mercredi ni ya Mercurius, mjumbe. Jeudi ni ya Jupiter, mkuu wao wote. Vendredi ni ya Venus. Majina hayo ni ya Kirumi, lakini hadithi nyingi za miungu hao Warumi walizipokea kwa Wagiriki.

Zilipokewaje? Warumi walikuwa na miungu wao tangu zamani. Walipozoeana na Wagiriki waliokaa kusini mwa Italia, na zaidi walipoiteka Ugiriki yenyewe mwaka 146 kabla ya Kristo, walilinganisha miungu wa pande mbili. Wakasema: Zeus wao ndiye Jupiter wetu, Hera ndiye Juno, Hermes ndiye Mercurius. Apollo alibaki na jina lake la Kigiriki. Janus, aliyeupa mwezi wa Januari jina lake, hakuwa na mwenzake kwa Wagiriki.

Wasomaji wapenzi, elimu hii yatusaidia kusoma hata Maandiko Matakatifu. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 14, Paulo anamponya kiwete katika mji wa Listra, katika nchi iitwayo leo Uturuki. Makutano wanapaza sauti kwamba miungu wameshuka wenye sura ya binadamu. Barnaba wanamwita Zeus, na Paulo Hermes, kwa kuwa ndiye msemaji. Biblia ya Kilatini yawaita Jupiter na Mercurius. Kuhani analeta mafahali ili awatolee sadaka.

Kwa nini wawili hao hasa? Ovidius, mshairi wa Kirumi, aliandika karibu na mwaka 8 baada ya Kristo hadithi ya nchi ya Frigia, jirani ya Listra. Jupiter na Mercurius walijigeuza wasafiri, wakaomba malazi katika nyumba elfu, zote zikafungwa. Wazee wawili maskini tu, Philemon na mkewe Baucis, waliwakaribisha katika kibanda cha nyasi na matete. Mguu mmoja wa meza ulikuwa mfupi; Baucis akauwekea kigae. Wakataka kumchinja bata bukini wao wa pekee, wageni wakawakataza. Kisha maji yakawafunika majirani wote, na kibanda kikageuka hekalu. Wataalamu wengi hudhani kwamba watu wa Listra waliijua hadithi ya namna hiyo, wakaogopa kuwafungia miungu mlango.

Sisi nasi twasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika jambo hilo wapagani wale waliona sawa. Lakini Jupiter wa hadithi alipokea heshima na kulipiza kisasi. Mitume walirarua mavazi yao, wakakiri kuwa wao ni binadamu kama wengine. Wangalinyamaza, wangalikula na kusifiwa. Muda si mrefu Paulo alipigwa mawe katika mji ule ule, akaburutwa nje, akadhaniwa amekufa. Akainuka, akaingia tena mjini.

Basi, ninyi wanafunzi, mkiyakuta majina haya vitabuni, someni hadithi zenyewe mpaka mwisho. Ndani yake mtaona watu wa kale waliogopa nini, na walitamani nini kutoka mbinguni.