Kifuniko Kimezama: Je, Chakula Kilicho Ndani ni Salama?

Chupa ya jamu ikishatolewa motoni na kuachwa ipoe, baada ya dakika chache kifuniko hutoa mlio mdogo, "tk", na kitovu chake kikazama ndani. Wanaotengeneza jamu, achari na sosi ya nyanya nyumbani, Mugutha na kwingineko katika Kaunti ya Kiambu, huusubiri mlio huo kwa hamu. Ukisikika, chupa hupangwa kwenye rafu ikingoja mteja. Usiposikika, mtu hushuku kwamba kuna kilichokwenda kombo.

Ni kweli kwamba mlio huo ni habari njema. Unasema hewa imetoka na kifuniko kimeshika. Lakini hausemi lolote kuhusu vijidudu vilivyobaki ndani ya chakula chenyewe, na mmoja kati ya hivyo hupendelea hasa mahali pasipo na hewa.

Kwanza, kifuniko hushika vipi? Watu wengi hudhani kuna kitu ndani kinachokivuta. Ukweli ni kwamba husukumwa kutoka nje. Chakula kikiwa moto sana, mvuke hupanda na kujaza nafasi tupu iliyo chini ya kifuniko, huku ukiifukuza hewa. Kikipoa, mvuke hugeuka tena kuwa matone ya maji, na nafasi ile hubaki karibu tupu. Hewa ya nje, ambayo wakati wote inatukandamiza bila sisi kuhisi, hukibana kifuniko chini. Chukua kifuniko cha kawaida cha chupa ya jamu, chenye upana wa milimita 63. Kanieneo ya ndani ikishuka hadi nusu ya ile ya nje, hewa hukikandamiza kwa nguvu inayolingana na uzito wa zaidi ya kilo 12. Ndiyo maana chupa mpya huwa ngumu kufungua, na ndiyo maana ukipenyeza ncha ya kijiko ukingoni hewa ikaingia, kifuniko hulegea mara moja.

Hiyo hesabu ni ya hapa kwetu. Mugutha iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Aliyewahi kusafiri na pakiti ya krips kutoka pwani hadi Limuru ameona ikivimba njiani kama puto. Hakuna kilichoongezeka ndani ya pakiti. Kilichopungua ni msukumo wa hewa kutoka nje. Jambo hilo hilo litarudi tutakapofika kwenye maji yanayochemka, na hapo ndipo uzito wake ulipo.

Kifuniko chenyewe kina sehemu moja muhimu kuliko zote, nayo ni ule utepe laini unaozunguka upande wa ndani, mahali kinapokutana na mdomo wa chupa. Ukipashwa moto hulainika, ukashika umbo la mdomo ule, kisha ukapoa na kuziba. Umetengenezwa kufanya kazi hiyo mara moja. Chupa ya kioo inaweza kuoshwa, kuchemshwa na kutumiwa tena miaka mingi mradi mdomo wake haujabanduka. Kifuniko hakiwezi. Utepe uliokwisha kukandamizwa huwa na alama ya chupa ya kwanza, na hata kikizama leo, huenda kikaachia baada ya wiki mbili kikiwa kwenye kabati la mteja. Anayeuza jamu anajua kila shilingi inakokwenda, na kifuniko kipya huonekana kama gharama ya kuepuka. Ni mahali pabaya pa kubana matumizi.

Ufundi huu una zaidi ya miaka 200. Mwaka 1810 Mfaransa Nicolas Appert alipewa na serikali yake zawadi ya faranga 12,000 baada ya kuonyesha kwamba chakula kilichozibwa ndani ya chupa kwa kizibo na kuchemshwa hukaa bila kuoza. Hakujua kwa nini. Sayansi ya vijidudu ilikuwa bado, na Appert aliamini siri ilikuwa kuiondoa hewa. Mwaka 1858 Mmarekani John Landis Mason alipata hataza ya chupa yenye mdomo wa kusokota, ambayo iliuleta ufundi huo jikoni kwa watu wa kawaida. Wazo la Appert kuhusu hewa lingali linaaminiwa na wengi mpaka leo, na ndilo linaloleta hatari.

Kuondoa hewa huzuia ukungu na vijidudu vingi vinavyohitaji kupumua. Lakini bakteria anayeitwa Clostridium botulinum yu kinyume chake. Huishi udongoni, na kwa hiyo hufika jikoni pamoja na maharagwe, karoti, viazi, vitunguu saumu na mboga za majani. Kukiwa na hewa, hulala kama kijimbegu kisicho na madhara. Kukikosekana hewa, na chakula kikiwa na unyevu wa kutosha na asidi kidogo, huamka, huongezeka na kutoa sumu kali inayolegeza misuli hadi mtu akashindwa kupumua. Ugonjwa huo huitwa botulizimu. Ni nadra, lakini haukai ng'ambo tu. Mwaka 1980 jarida la British Medical Journal lilichapisha ripoti ya mlipuko uliotokea hapa Kenya baada ya watu kula kumbikumbi.

Ubaya wake ni kwamba chupa yenye sumu hiyo inaweza kuwa na kifuniko kilichozama vizuri kabisa, chakula kisichonuka na rangi isiyobadilika.

Kinachoamua ni asidi. Wataalamu huweka mpaka kwenye kipimo cha pH 4.6. Chini ya hapo, yaani chakula kikiwa kichachu vya kutosha, vijimbegu hivyo haviwezi kuamka, na kuchemsha chupa kwenye sufuria kunatosha. Nanasi liko upande huo salama, pamoja na machungwa, pasheni, stroberi, embe bichi na achari yenye siki ya kutosha. Upande wa pili wako maharagwe, mahindi, githeri, njegere, nyama, samaki, uyoga na mboga zote za majani. Papai, tikiti maji na parachichi, ingawa ni matunda, yako upande huo wa pili pia, na mtu anayedhani kila tunda ni chachu anaweza kujikuta matatani.

Nyanya iko mpakani kabisa. Zipo zilizo chini ya 4.6 na zipo zilizo juu, kutegemea aina na kuiva kwake. Ndiyo maana mwongozo wa Idara ya Kilimo ya Marekani, unaotumiwa na wengi duniani kwa kazi hii, unataka kila chupa ya nusu lita ya nyanya iongezwe robo kijiko cha chai cha asidi ya sitriki, au kijiko kimoja cha mezani cha maji ya limau ya dukani. Limau la kukamuliwa nyumbani halitegemewi kwa sababu uchachu wake hubadilika. Na ukiongeza vitunguu, karoti, hoho ama mafuta, kama mapishi yetu mengi yanavyotaka, asidi hushuka na hesabu hiyo haifai tena.

Sasa turudi kwenye mwinuko. Mombasa maji huchemka yakifika nyuzi 100 za Selsiasi. Mugutha huchemka yakifika takriban nyuzi 95. Limuru, iliyo zaidi ya mita 2,000, huchemka kabla hata ya nyuzi 94. Hata ukichochea moto namna gani, sufuria iliyo wazi haitapita hapo. Maana yake ni kwamba muda uliosomwa kwenye kitabu kilichoandikiwa watu wa pwani au wa Ulaya hautoshi hapa. Jamu ambayo karibu na bahari huchemshiwa ndani ya chupa kwa dakika 5, Mugutha, Ruiru na Thika inahitaji dakika 10, na Limuru dakika 15. Sosi ya nyanya tupu iliyotiwa asidi, katika chupa ya nusu lita, huku kwetu inahitaji dakika 45. Muda huanza kuhesabiwa maji yanapoanza kutokota tena baada ya chupa kuingizwa, wala si zinapoingizwa, na maji yafunike vifuniko kwa sentimita mbili unusu au zaidi. Juu ya jamu iache nafasi ya milimita 6 hivi. Chupa iliyojazwa hadi ukingoni husukuma chakula kwenye utepe, na utepe wenye jamu hauzibi.

Kwa vyakula visivyo na asidi, nyuzi 95 ni kazi bure. Vijimbegu vya botulinum hustahimili maji yanayochemka kwa saa nyingi. Ili kuviua huhitajika nyuzi 121 hivi, joto linalopatikana kwa mvuke ulioshindiliwa tu. Viwanda vya kusindika vyakula vya mikebe vina mitambo ya namna hiyo na watu wa kuipima kila siku. Sufuria ya presha ya kupikia maharagwe nyumbani haikutengenezwa kwa kazi hiyo, kwani ni ndogo na hupoa upesi mno. Kwa hivyo anayefikiria kuuza githeri au sukuma wiki ya chupa asianze. Mboga hukaushwa, au hugandishwa kwenye friza.

Kuna mazoea mengine ya kuachwa. Kupindua chupa juu chini baada ya kuijaza jamu moto kunaweza kuzamisha kifuniko, lakini hakuchukui nafasi ya kuichemsha. Kumimina nta juu ya jamu kulikuwa kawaida zamani. Nta hupasuka na ukungu ukapita. Vipampu vya kufyonza hewa vinavyouzwa mitandaoni ni vizuri kwa njugu, majani ya chai na biskuti, lakini haviui kitu. Kitunguu saumu au pilipili mbichi ndani ya mafuta ni hatari zaidi ya jinsi inavyoonekana, kwa kuwa mafuta yenyewe huziba hewa hata chupa ikiwa haina kifuniko. Mchanganyiko huo ukae kwenye friji na uliwe ndani ya siku nne.

Mkulima anaweza kuuliza mbona basi mahindi huhifadhiwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa, na maafisa wa kilimo wenyewe huipendekeza. Jibu ni ukavu. Mahindi yaliyokaushwa hadi unyevu wa asilimia 13.5 au chini yake hayana maji ya kumwamsha bakteria, na ukosefu wa hewa huko huwaua dumuzi. Mahindi mabichi kwenye mfuko huo yangeharibika.

Chupa zikishakaa saa 12 hadi 24, bonyeza kitovu cha kila kifuniko. Kisicheze. Gonga kwa kijiko: kilichoshika hulia sauti kali, kisichoshika hulia sauti ya mbao. Chupa ambayo haikushika iwekwe kwenye friji iliwe kwanza, au ibadilishwe kifuniko na ichemshwe upya kabla ya saa 24 kupita. Iliyovimba kifuniko, inayofoka povu ikifunguliwa au iliyoota ukungu itupwe mahali ambapo watoto na mifugo hawataifikia, na isionjwe hata kwa ncha ya ulimi.

Dalili za botulizimu huanza mara nyingi kati ya saa 12 na 36 baada ya kula, ingawa zinaweza kuchelewa kwa siku kadhaa. Mgonjwa huona vitu viwili viwili, kope hulegea, ulimi huwa mzito, kumeza kunakuwa kwa shida, kisha udhaifu hushuka kutoka usoni kwenda mikononi na miguuni. Akili hubaki timamu, na kwa kawaida hakuna homa, hivyo watu huweza kudhani ni uchovu au pombe. Mgonjwa apelekwe upesi katika hospitali kama Ruiru Level 4 au Thika Level 5, na daktari aambiwe alikula nini. Chupa iliyobaki ibebwe.

Kwa anayeuza, Katiba ya 2010 iliwapa maafisa wa kaunti jukumu la kutoa leseni na kudhibiti biashara za vyakula. Leseni ya usafi wa chakula na cheti cha afya cha wanaoshika chakula hushughulikiwa na ofisi ya afya ya umma, na alama ya ubora ya bidhaa hutolewa na Shirika la Viwango la Kenya, KEBS. Lebo iwe na jina la bidhaa, viungo, uzito, jina na anwani ya mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi. Kwa maswali ya asidi na vipimo, Idara ya Sayansi na Teknolojia ya Chakula ya Chuo Kikuu cha JKUAT iko hapo jirani, Juja. Ni vyema kuuliza kabla ya kununua chupa mia mbili.