Stelingi Hafi: Sarufi ya Hukumu katika Kauli za Mashabiki wa Filamu

Wanaisimu wa Kiswahili wamezoea kuutafuta uhakiki katika maandishi: tahakiki ya riwaya, dibaji ya diwani, makala ya jarida. Maoni yanayotolewa kwa sauti nje ya kibanda cha video, mara onyesho linapokwisha, hayahesabiwi kuwa uhakiki, na aghalabu hutupwa katika fungu la Kiswahili cha mitaani kinachongoja kusahihishwa. Uamuzi huo ni wa haraka mno. Kauli za mashabiki wa filamu za mapigano na za kutisha zina istilahi zake na kanuni zake, na sehemu kubwa ya hukumu yao haimo katika vivumishi bali katika sarufi yenyewe.

Litazamwe neno picha, ambalo kwa shabiki ndilo jina la filamu. Kamusi huliweka katika ngeli ya I-/ZI-: picha hii, picha ya harusi. Shabiki wa Commando (1985) hasemi hivyo. Husema picha lile, picha la Rambo, mapicha ya ngumi. Katika umoja, nomino haikuongezwa wala kupunguzwa silabi. Kilichohama ni upatanisho peke yake. Vitabu vya sarufi hufundisha kuwa kuihamishia nomino katika ngeli ya LI-/YA- ni kuikuza, kama jitu na jumba, na kwamba ukuzaji huo mara nyingi huchukua maana ya dharau. Hapa dharau haipo. Asemaye “Lile picha, acha tu!” anatukuza. Ukubwa umekuwa sifa, na ubaya uliokuwa ukiandamana nao umegeuzwa kuwa ukali unaopendwa.

Kivumishi -kali kimepita njia hiyo hiyo. Kisu, jua na mbwa huwa vikali kwa namna ya kujihadhari navyo. Picha kali ni ya kukimbiliwa. Zaidi ya hayo, kali haibadiliki katika umoja wa ngeli hizi mbili, hivyo “picha kali” peke yake haimwambii msikilizaji kama nomino imekuzwa au la. Ni mpaka kiunganishi au kionyeshi kitokee: ya au la, hii au hili. Mwalimu anayekata “picha la” kwa wino mwekundu na kuandika “picha ya” hurekebisha upatanisho, lakini pia hufuta tathmini yote aliyoitoa mwanafunzi.

Istilahi kuu ya mashabiki ni stelingi. Chimbuko lake ni neno la Kiingereza lililotangulia majina ya waigizaji katika mabango na katika maandishi ya mwanzo wa filamu. Huko ni umbo la kitenzi. Katika Kiswahili limekuwa nomino ya mtu, r ikageuka l, irabu ikafunga silabi ya mwisho, na viambishi vya upatanisho vikafuata uhai: stelingi amefika, mastelingi wamekutana. Wako wanaoliandika kana kwamba lina nasaba na sarafu ya Uingereza. Neno limesambazwa mbali na wasimulizi wa filamu, kama Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya, waliowatafsiria watazamaji mazungumzo ya kigeni na kuyatia chumvi yao.

Stelingi si mhusika mkuu. Rosa, katika riwaya ya Kezilahabi ya mwaka 1971, ni mhusika mkuu na hujiua. Hakuna msomaji anayedai kwamba mwandishi amevunja mkataba. Stelingi ana wajibu: apigwe mwanzoni, avumilie, kisha awamalize maadui. Ndiyo maana mashabiki wana kauli iliyo fupi kuliko nadharia yoyote ya utanzu: stelingi hafi. Wakati uliopo wa kitenzi hicho hautaji tukio la leo wala la kesho, unataja sheria. Anayelalamika kwamba “stelingi kafa” hasimulii kisa, anamshtaki mtengenezaji.

Filamu ya kutisha huitikisa sheria hiyo. Katika Night of the Living Dead ya George A. Romero (1968), Ben anaunusurika usiku mzima wa kuzingirwa na wafu, kisha asubuhi anapigwa risasi na watu walio hai waliokuja kuwasaka wafu hao. Shabiki aliyekuja na sheria ya filamu za ngumi huuliza kwanza: stelingi alikuwa nani? Swali hilo ni la kihakiki kabisa, kwa kuwa filamu hiyo imekusudia lisijibike.

Swali la pili huletwa na msamiati. Wafu hao waitweje? Zombi ni mkopo usio na historia kwa msikilizaji. Mzuka, kutokana na kitenzi zuka, hutokea ghafla na kutoweka. Hali wala hatafuni. Mussa Banzi, mtayarishaji wa Tanzania, aliiita filamu yake ya kutisha Nsyuka (2003), na jina hilo humkumbusha Mnyakyusa abasyuka, mizimu ya wafu wake. Msukule, kwa imani iliyoenea Tanzania, ni mtu anayedhaniwa amekufa kumbe amechukuliwa kwa uchawi na kutumikishwa. Wengi wangechagua jina hili la mwisho, maana ndilo lililo karibu zaidi. Lakini msukule ana mwenyewe. Mara neno hilo linapotumika, mtazamaji huanza kumtafuta mchawi, na wafu wa Romero hawana aliyewatuma: filamu inadokeza tu mnururisho uliotoka kwenye chombo cha anga kilichorejea kutoka Zuhura, na haithibitishi. Shabiki anayetoka akisema picha halikueleweka kwa sababu mchawi hakuonekana amekosa jibu, lakini ameigusa tofauti ambayo tafsiri ya neno kwa neno ingeificha: kati ya hofu yenye mtu wa kushtakiwa na hofu isiyo na mtu.