Safu ya Funguo katika Kompyuta



Katika kujifunza kuandika programu za kompyuta, jambo moja limenipendeza kuliko mengine. Naona yafaa niwaeleze wenzangu, na wazazi wetu pia, maana laweza kugusa kahawa yao na mitihani yetu.

Kompyuta huweka habari kwa namna nyingi. Namna rahisi ni safu, yaani orodha ya vitu vilivyopangwa kwa nafasi zao. Ukitaka kitu, lazima ujue kimekaa nafasi ya ngapi. Namna nyingine ni safu ya funguo. Humo hutaji nafasi, bali wataja ufunguo, nawe wapewa thamani iliyofungamana nao. Lugha ya Python, iliyotolewa mwaka 1991, huiita kamusi, na jina hilo lafaa: katika kamusi twatafuta neno, twapata maana, hatuulizi ni neno la ngapi.

Lakini kamusi ya karatasi twaipekua kwa kufuata alfabeti. Kompyuta haipekui. Huuchukua ufunguo, huufanyia hesabu, na jibu la hesabu hiyo huonyesha chumba ilimowekwa thamani. Basi huenda karibu moja kwa moja, funguo ziwe 100 au 100,000. Funguo mbili zikiangukia chumba kimoja, huzilinganisha zenyewe ili isikosee. Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM aliliandika wazo la hesabu hiyo mwaka 1953.

Sasa angalieni hatari yake. Kila ufunguo una thamani moja tu. Tuseme chama cha ushirika kinaandika kilo za kahawa, na ufunguo ni jina la mkulima. Mzee mmoja aleta kilo 120, zaandikwa. Kesho yake mzee mwingine, mwenye jina lile lile, aleta kilo 45. Programu isipoandikwa kwa tahadhari, kompyuta haigombi wala haiulizi: hufuta 120, huandika 45. Jasho la mzee wa kwanza limepotea, na hapana aliyeiba.

Huku kwetu Mbozi watu wengi hushiriki majina ya ukoo. Kwa hiyo ufunguo usiwe jina, uwe namba isiyo na mwenzake. Ndivyo lifanyavyo Baraza la Mitihani la Tanzania: kila mtahiniwa hupewa namba, kwanza ya kituo, kisha yake mwenyewe. Majina yaweza kufanana, namba hazifanani.

Tena ufunguo uandikwe sawasawa. "Iyula" na "iyula" kwetu ni mahali pamoja. Kwa Python ni funguo mbili mbalimbali.

Basi, wenzangu, mwalimu anapotuhimiza kuandika namba ya mtihani kwa uangalifu, tusidhani anatusumbua. Alama zetu zitatafutwa kwa namba hiyo, si kwa sura zetu.