Mlaji wa Ufipa na Ofisi ya Mwanasheria Mkuu

Msimu wa mavuno unapofika katika uwanda wa juu wa Ufipa, kuanzia Laela na Mpui hadi Matai na Namanyere, mazungumzo ya nyumbani huwa ni ya magunia. Kila familia inaijua lumbesa: gunia linaloongezewa kilemba hata likapita kilo 100, kisha mkulima akalipwa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo inaikataza, Wakala wa Vipimo wanaikemea, na bado ipo. Sisi Waislamu tumeonywa juu ya dhulma hiyo katika Surat Al-Mutaffifin. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipopita sokoni aliingiza mkono katika lundo la chakula, akakuta unyevu uliofichwa chini, akamkemea muuzaji. Kutokana na mafunzo hayo dola za Kiislamu zilikuwa na muhtasibu, mtu aliyewekwa na mtawala kusimamia mizani na bei za watu.

Ipo dhulma nyingine isiyofanyika sokoni. Hii hukaa ndani ya mikataba, nayo humfikia mlaji ikiwa imekwisha kugeuka bei. Anayeshika kalamu ya mwisho ya kisheria juu ya mikataba mikubwa ya Serikali ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kwa mujibu wa Ibara ya 59 ya Katiba, yeye huteuliwa na Rais, ndiye mshauri wa Serikali kuhusu mambo ya sheria, na Rais anaweza kuufuta uteuzi wake. Mwaka 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alimteua Hamza Johari kuchukua nafasi ya Jaji Eliezer Feleshi. Habari hiyo ilipita kama habari za uteuzi zinavyopita, yaani jina, picha na kiapo. Hatukusikia mtu akiuliza ina maana gani kwa mama anayenunua umeme wa LUKU pale Sumbawanga.

Tuitazame sakata ya Tegeta. Mwaka 1995 TANESCO ilifunga mkataba na kampuni ya IPTL kununua umeme wa mtambo wa megawati 100. Sehemu ya malipo ilikuwa tozo ya uwezo wa mitambo, inayodaiwa hata mitambo ikilala. TANESCO ikaona inatozwa kupita haki, mgogoro ukazuka, na mwaka 2006 ikafunguliwa akaunti maalumu Benki Kuu ili fedha zikae humo mpaka haki ijulikane. Mwishoni mwa mwaka 2013 fedha zikatolewa, kiasi kilichotajwa kuwa zaidi ya shilingi bilioni 300. Je, zilikuwa za umma au za kampuni binafsi? Hilo lilikuwa swali la sheria tupu, na jibu lake lilitegemea sana ushauri wa ofisi moja.

Novemba 2014 Bunge, baada ya kupokea taarifa ya Kamati ya Hesabu za Serikali, lilipendekeza viongozi kadhaa wawajibishwe, akiwemo Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, marehemu Jaji Frederick Werema. Tarehe 16 Desemba alijiuzulu, akisema ushauri wake haukueleweka. Hatumhukumu, tunachoangalia ni uzito wa kiti chenyewe. Septemba 2016 baraza la kimataifa la usuluhishi likaiamuru TANESCO ilipe zaidi ya dola milioni 148 kwa benki ya Standard Chartered ya Hong Kong, iliyokuwa imenunua deni la IPTL.

Msomaji wa Rukwa atasema kwamba kwa miaka mingi umeme wa Sumbawanga umetoka Zambia, kupitia Mbala, kwa hiyo Tegeta ni mbali. Nguzo ni mbali, ni kweli. Lakini shirika ni lile lile na bei hupangwa kwa taifa zima. Deni la TANESCO halina mkoa.

Katika majimbo mengi ya Marekani mwanasheria mkuu huchaguliwa kwa kura, na moja ya kazi zinazompa jina ni kuyashitaki makampuni kwa niaba ya walaji. Mwaka 1998 wanasheria wakuu wa majimbo 46 waliyabana makampuni ya sigara yakakubali kulipa zaidi ya dola bilioni 200 katika miaka 25. Hatusemi tuige kura hiyo. Mgombea anayetafuta fedha za kampeni naye ana bwana wake. Kwetu kazi ya kumlinda mlaji imegawanywa: Tume ya Ushindani chini ya sheria ya mwaka 2003, EWURA kwa umeme, maji na mafuta, na Wakala wa Vipimo kwa mizani.

Mlaji akitaka kuishitaki mamlaka ya maji au shirika la umma, hukutana na Mwanasheria Mkuu akiwa upande wa pili. Lazima kwanza atoe notisi ya siku 90, nakala iende kwa Mwanasheria Mkuu. Tangu marekebisho ya mwaka 2020 lazima amuunganishe katika shauri, nalo lifunguliwe Mahakama Kuu. Sumbawanga inayo Mahakama Kuu, alhamdulillah, lakini mjane wa Kalambo anayedai fidia ndogo atapima nauli na gharama za wakili, kisha atanyamaza. Kwa maoni yetu sheria hiyo imeelemea upande wenye nguvu, na ofisi hiyo hiyo ingeweza kupendekeza ilegezwe.

Makadirio ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu hujadiliwa bungeni Dodoma kila mwaka, katika mkutano wa bajeti unaoanza Aprili, pamoja na ya Wizara ya Katiba na Sheria. Mwanasheria Mkuu mwenyewe ni mbunge kwa wadhifa wake, hivyo huwa anasikia. Wabunge wetu wa Rukwa husimama kuuliza juu ya barabara na mbolea, na wana haki. Wazee wa misikiti na akina mama wa vikundi wanaweza kuwapelekea swali moja la nyongeza kabla hawajaondoka: zile siku 90, na ile safari ya Mahakama Kuu, zinamsaidia nani?