Chuo cha Walimu cha Bagamoyo

Hapa Pemba mtoto huenda skuli, na Mrima huenda shule. Sisi twasema yuko dahalia, wao husema yuko bweni. "Skuli" ni neno la Waingereza, na "shule" la Wadachi. Lakini mahali walipolelewa walimu wa kwanza wa Kikatoliki wa pwani hii ni pa kale kuliko tawala zote mbili. Hata neno "chuo", kwa wazee wetu lilikuwa kitabu, ndipo likahamia nyumba ya kusomea.

Mapadre wa Roho Mtakatifu, mkubwa wao Padre Antoine Horner, walifika Unguja mwaka 1863, wakavuka kwenda Bagamoyo mwaka 1868. Wanafunzi wao hawakuletwa na wazazi. Walikuwa watoto waliokombolewa sokoni, na baada ya soko la Unguja kufungwa mwaka 1873, wengine walitolewa katika majahazi yaliyokamatwa na manowari za Kiingereza. Walisoma, wakalima, wakafundishwa kazi za mikono. Wenye akili wakachaguliwa kuwa makatekista na walimu. Walipokua wakaozwa, wakapewa nyumba katika kijiji cha misheni. Walilishwa na kuvikwa, hatukatai. Lakini mtoto aliyenunuliwa ili awe huru, je, aliweza kusema sitaki?

Nasi watu wa Pemba tusijitenge na habari hii. Tufani ya Aprili 1872 iliangusha majengo ya misheni, tena ikang'oa mikarafuu ya Unguja. Pemba kwa sehemu kubwa ikasalimika. Mashamba yetu yakazidi kuwa na thamani, na watumwa wakazidi kutakwa, hata kwa magendo. Yamkini baadhi ya wale waliotolewa majahazini walikuwa njiani kuja kuchuma karafuu zetu.

Mwaka 1877 misheni ya Mhonda ilipofunguliwa katika milima ya Nguru, mapadre hawakwenda peke yao. Walifuatana na jamaa za Kikristo za Bagamoyo, na Kiswahili kikapanda mlima pamoja nao.

Padre Charles Sacleux alikuja pwani mwaka 1879, akakaa miaka mingi akisikiliza watu na kuandika maneno yao. Kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutoka Paris mwaka 1939. Mwenye kuifungua atakuta Kipemba chetu kimewekewa alama yake, mbali na Kiunguja na Kimvita.