Safari za Baiskeli kwa Makundi: Twende Salama, Turudi Salama



Wapendwa wasomaji, masika yamekwisha, mavuno yameingia ndani, na njia zimekauka. Huku kwetu Kagerankanda, kama ilivyo sehemu nyingine za Kasulu na Kibondo, huu ndio wakati wa safari za baiskeli. Sikukuu nyingi za Kanisa zinaangukia miezi hii: Mashahidi wa Uganda tarehe 3 Juni, Mitume Petro na Paulo tarehe 29 Juni, Kupalizwa kwa Bikira Maria tarehe 15 Agosti. Utaona vijana wa kigango wanaondoka alfajiri kumi au ishirini kwa pamoja, wengine wamepakia ngoma, wengine wamepakia wadogo zao, wanaimba huku jua linachomoza juu ya vilima. Ni jambo la kupendeza. Mwezi huu ukurasa wetu wa afya utaeleza faida ya safari hizo, hatari zake, na namna ya kuzikinga.

FAIDA YA BAISKELI

Baiskeli ni dawa isiyouzwa dukani. Inaimarisha moyo, mapafu na misuli, inapunguza unene, na inasaidia kuzuia shinikizo la damu na kisukari, magonjwa ambayo zamani tuliyaita ya watu wa mjini lakini leo tunayatibu hata vijijini. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima aushughulishe mwili kwa dakika 150 au zaidi kila wiki. Anayekwenda shambani na kurudi kwa baiskeli anazipata dakika hizo bila kujua. Mwaka 2025 jirani zetu wa Kigali, Rwanda, walipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika katika bara la Afrika. Vilima walivyopanda wale mabingwa vinafanana na vyetu. Kwa hiyo kijana asione haya kupanda baiskeli, wala mzee asiambiwe kwamba umri umempita, mradi aende kwa kadiri ya nguvu zake.

Mwenye homa asisafiri, apime malaria kwanza. Mwenye shinikizo la damu asiache dawa zake siku ya safari. Mwenye kisukari anayetumia dawa abebe sukari au soda, maana mwendo mrefu unaweza kuishusha sukari ya mwili ghafla. Anayepata maumivu ya kifua akipanda mlima aende hospitali kabla ya kufikiria safari yoyote.

MAJI, CHAKULA NA JUA

Nyanda zetu zina hewa ya ubaridi asubuhi, nayo inatudanganya. Upepo unakausha jasho, mtu anadhani hatoki jasho, kumbe mwili unapoteza maji mengi. Kunywa kabla ya kuondoka, na njiani kunywa kidogo kidogo, kama glasi mbili au tatu kila saa jua likiwa kali. Usingoje kiu. Ukiona mkojo ni mchache na rangi yake ni kama chai ya rangi, mwili unadai maji.

Maji yawe yamechemshwa au yametiwa dawa ya kusafishia. Maji ya kijito yanaonekana meupe, lakini hujui huko juu kumefanyika nini, na kuhara damu, homa ya matumbo na kipindupindu hupitia humo. Kwa chakula hatuhitaji vitu vya gharama: ndizi mbivu, viazi vitamu na karanga vinatosha. Pombe si kinywaji cha safari. Inakausha mwili, nayo inaondoa akili ya kushika breki.

Jua likimzidi mtu, ataumwa kichwa, atasikia kizunguzungu na kichefuchefu, misuli itakaza. Mlazeni kivulini, mlegezeni nguo, mumpe maji yenye sukari na chumvi: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Lakini akianza kusema maneno yasiyoeleweka, au akianguka na mwili unawaka moto, hiyo ni hatari ya kufa. Mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, na mumkimbize hospitali. Aliyezimia asinyweshwe kitu.

Ndugu zetu wenye ualbino tusiwaache nyumbani, ila wavae kofia pana na mikono mirefu, na wapake mafuta ya kukinga jua. Kwao jua ni mlango wa saratani ya ngozi.

MBUNG'O WA MSITUNI

Njia nyingi za huku hupita kando ya misitu ya miyombo. Wazee wanakumbuka vizuri ugonjwa wa malale, maana Kasulu na Kibondo ni kati ya sehemu za nchi yetu zilizosumbuliwa nao. Siku hizi wagonjwa wamepungua sana, lakini mbung'o bado wapo. Mbung'o huvutwa na kitu kinachotembea, na kundi la baiskeli kwake ni kama kundi la ng'ombe. Huvutwa pia na nguo za buluu iliyokolea na nyeusi. Vaeni nguo za rangi hafifu, nzito kidogo, zenye mikono mirefu. Mtu aliyeumwa na mbung'o, kisha baada ya siku kadhaa akapata uvimbe mahali alipoumwa, homa na kichwa, aende hospitali na aeleze alikopita. Asijitibu malaria tu nyumbani. Malale hutibika yakigunduliwa mapema. Yakiachwa hufika kwenye ubongo na kuua.

MTOTO ALIYEPAKIWA NYUMA

Hapa naomba wazazi wasome polepole. Kati ya majeraha ya baiskeli tunayoyapokea wodini, linalonisikitisha zaidi ni la mguu wa mtoto kuingia kwenye spoku. Mtoto amepakiwa kwenye keria, amechoka, amesinzia, miguu inaning'inia. Ghafla kisigino kinavutwa ndani ya gurudumu.

Mara nyingi jeraha linaonekana dogo siku ya kwanza. Mama anaosha, anafunga kitambaa, anasema kesho litapoa. Siku ya nne au ya tano ngozi ya kisigino inakuwa nyeusi, inaoza na kubanduka, maana ilisagwa kwa ndani. Nimemwuguza mtoto wa miaka sita aliyeletwa siku ya tisa, jivu limejaa kwenye kidonda. Alihitaji kubandikwa ngozi iliyotolewa pajani, akakaa wodini majuma mengi. Angeletwa siku ileile, huenda mateso yake yangekuwa machache.

Likitokea jambo hili, fanyeni hivi:

1. Simamisheni baiskeli. Msivute mguu kwa nguvu, wala msizungushe gurudumu. Kateni au legezeni spoku mpaka mguu utoke.

2. Osheni jeraha kwa maji safi mengi na sabuni, lifunikeni kwa kitambaa safi. Msipake jivu, mavi ya ng'ombe, mafuta ya taa wala dawa ya meno.

3. Msimkanyagishe mtoto mguu huo. Mfupa unaweza kuwa umevunjika.

4. Mpelekeni zahanati au hospitali siku hiyohiyo, hata kama ngozi haikuchanika. Chukueni kadi ya kliniki, tuone kama amemaliza chanjo ya pepopunda.

Kinga ni rahisi. Fundi baiskeli anaweza kufunga kibao au plastiki ngumu pande zote mbili za gurudumu la nyuma, na vyuma viwili vya kukanyagia. Mtoto avae viatu, na akianza kusinzia, teremkeni mpumzike. Akina mama wafunge vizuri ncha za kanga na mbeleko, maana nazo huvutwa na spoku.

MWENDO WA KUNDI

Siku moja kabla ya safari kila mmoja akague breki zote mbili, matairi, mnyororo na kengele. Asiye na breki asiende. Kisigino si breki. Kundi liwe na kiongozi mbele na mtu mzima wa nyuma kabisa mwenye pampu, viraka na kisanduku cha huduma ya kwanza. Mwendo upangwe na aliye dhaifu, si na aliye hodari.

Endeni upande wa kushoto, mmoja nyuma ya mwingine, mkiachiana nafasi ya baiskeli mbili au tatu. Kwenye mteremko ongezeni nafasi. Mwenye kuteremka kwa kasi juu ya changarawe akishika breki ya mbele peke yake hurushwa juu ya usukani. Ashike zote mbili taratibu, aanze na ya nyuma. Msishikilie lori linalopanda mlima, kama wafanyavyo baadhi ya wabeba ndizi wa Burundi. Lori likipita na vumbi, teremkeni mngoje hewa isafike. Giza likiwakuta bila taa, laleni kigango cha karibu.

Kofia ngumu ni nzuri kwa anayeweza kuipata. Aliyegonga kichwa, hata akisimama na kucheka, aangaliwe siku nzima na usiku wake. Akitapika, akisinzia kupita kawaida, akichanganyikiwa, au akitokwa damu au maji puani na masikioni, apelekwe hospitali mara moja.

NI JAMBO LA DHAMIRI PIA

Wengine husema ajali ni bahati mbaya tu. Kanisa halifundishi hivyo. Katekisimu iliyotangazwa mwaka 1992, namba 2290, inaeleza kwamba anayehatarisha usalama wake na wa wenzake njiani kwa ulevi au kwa kupenda mno kasi anabeba hatia nzito. Kwa hiyo kukaza breki na kufunika spoku ni sehemu ya kutimiza amri ya tano. Viongozi wa jumuiya ndogondogo, nawaomba mlizungumze jambo hili kabla ya safari ya kwanza ya kiangazi, na mwiteni fundi mmoja akague baiskeli zote baada ya ibada ya Jumapili. Mwenda pole hajikwai.