Usikate! Huo Si Waya

Wiki hii tuweke mapenzi pembeni, tuongelee vyombo. Kuna washikaji hapa mjini hawataki gari la juzi. Wanafufua ya kizamani: Peugeot 404, Datsun, Land Rover ya mzee mstaafu. Rangi inapigwa mpaka unajiona sura, viti vya ngozi, muziki ndo usiseme. Sasa chungulia dashibodi. Geji ya joto ina madoa ya kahawia kama kikombe cha chai cha mlinzi, mshale huuoni! Kwenye foleni ya mchana hapo unaendesha kwa kubahatisha. Injini ikichemka huna habari, na ukija kuona moshi hedi imeshapinda na gasketi imeungua.

Braza wangu ana Benzi 200D ya 1972, ile wapenzi wa magari wanaiita W115. Geji ilikuwa hivyo hivyo. Akaitwa fundi, akavuta dashibodi, akakuta kitu chembamba cha shaba kinatoka nyuma ya geji kwenda kwenye injini. "Huu waya nikate, kaka, tutaunga baadaye." Plaizi mkononi! Nilimdaka mkono.

Ule si waya bwana, ni bomba. Mwisho wake kuna kidude cha shaba, kinene kama kalamu, kinachokaa ndani ya maji ya injini. Humo kuna kimiminika chepesi, kwenye geji nyingi ni etha. Maji yakipata moto kinageuka mvuke, presha inapita kwenye bomba, inanyoosha kibomba kilichopinda ndani ya geji, mshale unapanda. Hakuna umeme hapo. Ukikata, mvuke wote unatoka na geji inakufa. Hakuna cha kuunga.

Kwa hiyo inatolewa nzima. Injini ipoe, toa terminali ya betri, punguza maji, loweka nati kwa mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha. Inazunguka nati peke yake. Bomba likianza kujisokota nayo, acha, ongeza mafuta, kanywe chai. Sisi ilituchukua siku mbili, na braza alishaanza kununa.

Kusafisha kwenyewe ni kazi ndogo. Uchafu mwingi uko kwenye kioo, upande wa ndani: unyevu umepita kwenye mpira uliokauka. Kioo kioshe kwa maji na sabuni. Uso wenye namba, futa vumbi kwa brashi laini, halafu pamba yenye unyevu kidogo sana, bila kugusa mshale. Petroli, tina na spiriti weka mbali, namba zitaondoka na doa. Doa lisiloziba namba mimi naliacha, gari la zaidi ya miaka hamsini lina haki ya makunyanzi. Ila kwenye geji za zamani zaidi, hasa za magari ya jeshi, rangi ya kung'aa gizani inaweza kuwa na radiamu. Hiyo usiikwangue kabisa, vumbi lake lina mionzi.

Kabla ya kurudisha, chemsha maji kwenye sufuria na uzamishe kile kidude. Dar maji yanachemka kwenye 100, au 212 kama geji ni ya Farenihaiti. Ukiwa Arusha, mita 1,400 hivi juu ya bahari, yanachemka kwenye 95, usije ukailaumu geji bure.

Na nyie wa Land Rover za mwishoni mwa miaka ya 60, geji zenu ni za umeme. Ya joto na ya mafuta zikipanda kwa pamoja wakati tenki unajua halijajaa, msikimbilie kufungua rejeta. Angalieni kwanza kile kiboksi nyuma ya dashibodi kinachoshusha umeme hadi volti 10.